Tia uzi mkononi, toa mbabula chumbani



Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya kofia ya chuma. Tunakukumbusha usiingie kazini bila hiyo, na ukiisahau usione haya kurudi kuichukua. Leo tutazungumza juu ya kofia nyingine, ndogo na laini, inayoenea katika kiganja cha mkono. Ni kofia ya mtoto mchanga, inayofumwa nyumbani kwa sindano ya kroshe. Pamoja nayo tutasema juu ya bulangeti la mtoto.

Labda utauliza: «Mganga msaidizi, tangu lini kufuma kumekuwa kazi ya ukurasa wa usalama na afya?» Ulizo ni zuri. Soma mpaka mwisho na jibu utalipata.

Baridi ya kwetu

Wengi kati yenu mna nyumba huko Katana, au wazazi wenu wako kule. Katana iko karibu na Ziwa Kivu, upande wa kaskazini ya Bukavu, na uso wa ziwa lenyewe uko mita 1460 juu ya bahari. Nyuma yetu mlima Kahuzi unapanda mpaka mita 3308. Mchana jua huwaka, watu wakatoa makoti. Lakini jua likizama, hewa hushuka kutoka milimani, na wakati wa mvua tunalala na baridi inayoingia kwa kila tundu la ukuta.

Mtu mzima hujikunja, hutetemeka, na mwili wake hupata joto. Mtoto mchanga hawezi kutetemeka hivyo. Chumba chake kinatakiwa kuwa na joto la digrii 25 au zaidi, na usiku wa kwetu hauna joto hilo. Mtoto hupoteza joto kwa njia nne. Akiwa na maji mwilini, maji yakikauka huondoka na joto. Akilazwa juu ya kitu cha baridi, kitu hicho hulichukua joto lake. Upepo ukimpitia, hulipeperusha. Na akiwa karibu na ukuta wa baridi, joto lake huuendea ukuta ule hata bila kuugusa.

Sasa tazama kichwa chake. Kichwa cha mtu mzima ni kidogo kama ukikilinganisha na mwili wake. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Kikibaki wazi, joto nyingi hupita pale. Ndiyo sababu waganga wanaomba mama aje kuzaa na kofia ya mtoto katika mfuko wake.

Mtoto mzima ana joto la digrii 36.5 mpaka 37.5. Akishuka chini ya hapo huchoka, hanyonyi vizuri. Asiponyonya hukosa nguvu ya kujipasha joto, na hushuka zaidi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliye na uzito chini ya gramu 2500, hufika huko haraka kuliko wengine.

Mbabula katika chumba cha kulala

Watu wetu wanaijua baridi, na wanawapenda watoto wao. Basi wanafanya nini? Wanaingiza mbabula. Wanawasha makaa nje, wanangoja moshi uishe, makaa yawe mekundu, ndipo wanaileta mbabula chumbani na kufunga mlango.

Usiku mmoja wa mvua niliitwa katika nyumba moja huko Katana. Mama alikuwa amezaa siku tisa zilizopita. Alilalamika kichwa na kichefuchefu. Mtoto alikuwa amelegea, tulimwita na kumgusa nyayo bila kuamka sawasawa. Mbabula ilikuwa katika pembe, na chini ya mlango walikuwa wameziba na gunia. Tulifungua mlango na dirisha, tukawatoa wote nje, mtoto kifuani mwa mama yake ndani ya bulangeti, tukawapeleka hospitali. Walipona wote wawili. Nyanya wa mtoto aliniambia neno ambalo sijalisahau: «Tulidhani ni baridi inayomlegeza, ndiyo maana tuliongeza makaa.»

Wewe mfanyakazi wa mgodi, sikiliza vizuri, kwa maana jambo hili unalijua kuliko jirani zako. Unajua kwamba hewa mbaya haina lazima ya kunuka. Makaa yanapoungua hutoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Moshi ukiisha na makaa yakiwa mekundu, gesi ile bado inatoka. Ukiivuta, huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, kwa maana damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, halafu usingizi. Anayelala katika usingizi huo anaweza asiamke.

Watu wa upande wa Goma wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kukaa katika mabonde, ikaua mbuzi na hata watu. Mazuku ni gesi nyingine, dioksidi ya kaboni, ni nzito na hulala chini. Gesi ya mbabula haifanyi hivyo. Huchanganyika na hewa ya chumba kizima. Kwa hiyo kulala juu ya kitanda hakukuokoi, wala kulala chini hakukuokoi, wala sahani ya maji kando ya moto haisaidii kitu.

Zamani wachimbaji wa makaa ya mawe huko Uingereza walishuka mgodini na ndege mdogo katika kizimba. Mwili wake ni mdogo na hupumua haraka, basi gesi ilimwangusha kabla ya watu, nao wakakimbia. Kazi hiyo ya ndege ilikomeshwa mwaka 1986, vyombo vya kupima vilipochukua nafasi yake. Sasa fikiri: mtu mzima akipumzika hupumua karibu mara 12 mpaka 20 kwa dakika. Mtoto mchanga hupumua mara 40 mpaka 60. Ukifunga mlango na mbabula ndani, umemfanya mtoto wako kuwa yule ndege, lakini yeye hawezi kukuambia ukimbie.

Ndiyo hiyo sababu ya kufuma kuingia katika ukurasa huu. Mtu hawezi kutoa mbabula chumbani kama hana kitu cha kuweka mahali pake. Kitu hicho ni kifua cha mama, kofia, na bulangeti.

Jiko lisilo na moshi

Mwaka 1978, huko Bogotá katika nchi ya Kolombia, hospitali ilikuwa na watoto wengi waliozaliwa kabla ya wakati na vyombo vya kuwapasha joto vilikuwa vichache. Waganga Edgar Rey na Héctor Martínez waliwapa mama watoto wao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi, kama vile mnyama kangaruu anavyobeba mtoto wake katika mfuko. Watu wengine walishangaa. Lakini majaribio yaliyofanywa baadaye katika nchi nyingi yalionyesha faida yake. Katika jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2021, lililofanywa Ghana, Uhindi, Malawi, Nijeria na Tanzania, vifo vya watoto wadogo sana waliowekwa kifuani mara moja baada ya kuzaliwa vilipungua kwa robo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri kwamba watoto wa namna hiyo waanze kubebwa hivyo mara moja.

Namna ya kufanya ni hii. Mtoto huvaa kitambaa cha mkojo, soksi na kofia tu. Anasimamishwa kati ya maziwa ya mama, kichwa kimegeuzwa upande, pua na kinywa wazi. Kikwembe humfunga imara, na bulangeti hufunika juu yao wote wawili. Mama akienda kuoga au kula, baba anaweza kuchukua zamu. Kifua cha baba kina joto vilevile. Wewe unayejua kazi ya zamu mgodini, ijue na zamu hii.

Hata mtoto aliyezaliwa na uzito mzuri anahitaji mambo haya: apanguswe mara moja baada ya kuzaliwa, awekwe kifuani, anyonye katika saa ya kwanza, asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita, na avae nguo moja au mbili zaidi ya mtu mzima.

Tazama joto lake kwa mkono wako. Gusa tumbo na nyayo. Vyote viwili vikiwa na joto, mtoto ni mzima. Tumbo likiwa na joto na nyayo zikiwa baridi, baridi imeanza: mweke kifuani na ongeza nguo. Vyote viwili vikiwa baridi, hiyo ni hatari: mweke kifuani, umfunike, na nenda mara moja kituo cha afya au hospitali. Usingoje asubuhi.

Sindano na uzi

Sasa tuje kwenye furaha yenyewe. Kroshe ni kazi ya sindano moja tu yenye ndoano kichwani. Mtu huvuta uzi kupitia kitanzi, tena kitanzi kupitia kitanzi, mpaka nguo itoke. Haina mashine, haina umeme. Inaweza kuachwa mtoto akilia na kushikwa tena akilala, na hakuna kilichoharibika.

Kazi hii imewahi kusaidia watu katika taabu kubwa. Huko Irelandi, wakati wa njaa ya viazi ya miaka ya 1845 mpaka 1852, wanawake na watoto walifuma vitambaa vya kroshe vya kuuza, na fedha ile ililisha nyumba nyingi. Katika Kongo yetu, kushona na kufuma kulifundishwa na masista na katika nyumba za mafunzo ya wanawake. Kule Katanga, Union Minière nayo wakati wa ukoloni iliwafundisha bibi za wafanyakazi wake kazi za sindano. Siku hizi mama hufundishana wenyewe, uani, wakichambua maharagwe upande mmoja na kufuma upande mwingine.

Na mwanamume je? Sikia wanaume wanaocheka. Nenda pwani ya ziwa asubuhi utazame wavuvi wa sambaza wakitengeneza nyavu zao. Uzi mkononi, fundo baada ya fundo, na hakuna anayewacheka. Mimi mwenyewe nilifundishwa kroshe na mama yangu, na usiku nisipokuwa na mgonjwa ninafuma. Mkono unaojua kuhesabu fundo hupumzisha kichwa. Mtu aliyetoka zamu na hasira akihesabu mpaka 48 mara mbili, hasira imepungua bila pombe.

Mambo ya kununua si mengi. Sindano ya kroshe ya unene wa milimita 4 yatosha kwa kuanza. Mafundi wengine huchonga sindano kwa mti mgumu au mwanzi na kuilainisha vizuri isikwaruze uzi. Uzi ni ule wa sufu ambao sokoni tunauita lene, unene wa kati. Kofia moja hula karibu gramu 50 au chini yake. Bulangeti la mtoto hula karibu gramu 400 mpaka 500. Si lazima kununua yote siku moja. Mama wengi wana likelemba zao. Wakubaliane kila mzunguko kununua uzi kwa yule aliye karibu kuzaa. Na sweta kuukuu iliyofumwa inaweza kufumuliwa, uzi ukaoshwa, ukanyoshwa na kutumiwa upya.

Lakini ujue uzi ulionao. Nyingi ya lene ya sokoni si sufu ya kondoo, ni uzi wa viwandani uitwao akriliki. Kata kipande kidogo, kishike kwa kibano juu ya sahani, mbali na watoto, na kichome. Sufu ya kweli hunuka kama nywele zilizoungua na huwa majivu. Akriliki huyeyuka na kuwa tone gumu. Tone hilo likigusa ngozi hushika na kuchoma vibaya. Basi kamwe usikaushe kofia wala bulangeti juu ya mbabula, na usifume karibu na mshumaa.

Kofia, hatua kwa hatua

Jifunze kwanza mapigo manne.

Cheni: una kitanzi kimoja juu ya sindano, zungusha uzi na uuvute kupitia kitanzi hicho.

Pigo la kufungia: ingiza sindano, zungusha uzi, uuvute moja kwa moja kupitia vyote.

Pigo fupi: ingiza sindano, vuta uzi, sasa una vitanzi viwili. Zungusha uzi na upitishe katika vyote viwili.

Pigo refu: zungusha uzi kwanza, ingiza sindano, vuta uzi, sasa una vitanzi vitatu. Zungusha uzi, pitisha katika viwili. Zungusha tena, pitisha katika viwili vilivyobaki.

Ukiyajua hayo, anza kofia:

1. Fanya cheni 4, zifunge kuwa pete kwa pigo la kufungia.
2. Mzunguko wa kwanza: mapigo marefu 12 ndani ya pete. Kila mzunguko wa mapigo marefu huanza na cheni 3, nazo zinahesabiwa kuwa pigo la kwanza. Mwisho, funga juu ya cheni hizo.
3. Mzunguko wa pili: mapigo 2 juu ya kila pigo. Jumla 24.
4. Mzunguko wa tatu: pigo 1, halafu 2 pamoja, hivyo mpaka mwisho. Jumla 36.
5. Mzunguko wa nne: pigo 1, pigo 1, halafu 2 pamoja. Jumla 48. Sasa una kitu cha duara kama sahani ndogo. Kipime kwa rula: kiwe karibu sentimita 11 kutoka upande mpaka upande.
6. Kutoka hapo usiongeze tena. Fanya pigo 1 juu ya kila pigo, mzunguko baada ya mzunguko. Sahani itajikunja yenyewe na kuwa kofia. Endelea mpaka urefu wa sentimita 14 kutoka utosini mpaka ukingoni.
7. Maliza kwa mizunguko 2 ya mapigo mafupi, kata uzi, na ufiche mkia wake ndani kwa sindano ya kushonea.

Kofia hiyo inaenea kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake, ambacho mzunguko wake ni karibu sentimita 34. Kwa mtoto aliyezaliwa mapema, katika mzunguko wa nne ongeza mara 6 tu badala ya 12, upate mapigo 42, na fupisha urefu mpaka sentimita 12. Kama sahani yako imekuwa kubwa, mkono wako unalegeza uzi: chukua sindano nyembamba zaidi. Kama ni ndogo, chukua sindano nene kidogo. Kila mkono una kipimo chake. Hata mwalimu wangu aliharibu kofia mbili kabla ya kufaulu ya tatu.

Bulangeti

Bulangeti rahisi ni lile la mraba linaloanza katikati. Fanya pete ya cheni 4 kama ya kofia. Ndani yake fanya mapigo marefu 3, cheni 2, tena mapigo 3, cheni 2, mpaka uwe na mafungu manne. Zile cheni 2 ni pembe nne. Katika mzunguko wa pili, ndani ya kila pembe fanya mapigo 3, cheni 2, mapigo 3, na kutoka pembe mpaka pembe uvuke kwa cheni 1. Kutoka mzunguko wa tatu, pembe zafanywa vilevile, na katika kila nafasi ya upande unatia mapigo 3. Endelea, ukibadili rangi uzi unapoisha, mpaka kila upande uwe na sentimita 80. Ukingo uumalize kwa mapigo mafupi.

Uzuri wa mraba huu ni kwamba hula mabaki. Nyekundu ya sweta ya baba, kijani ya kofia ya dada, nyeupe iliyonunuliwa sokoni Kadutu, yote yanaingia. Mtoto akikua ataonyeshwa: hii ilikuwa ya nyanya yako.

Usifume kwa kulegeza. Tundu kubwa huingiza upepo na hushika vidole. Ndani ya kofia, kama uzi ni akriliki, shonea kitambaa laini cha pamba, kwa sababu akriliki hainywi jasho.

Usalama wa kofia na bulangeti

Kama vile kofia ya chuma ina sheria zake, hii nayo ina zake.

1. Usitie kamba ya kufunga shingoni. Usitie kifungo wala kitu ambacho mtoto anaweza kukivuta na kukimeza.
2. Geuza kofia na soksi ndani nje kila siku. Uzi uliolegea unaweza kuzunguka kidole cha mtoto na kukaza mpaka kikose damu. Mtoto akilia bila sababu, tazama vidole vya mikono na miguu.
3. Bulangeti lisifike usoni. Mtoto akilala peke yake alale chali, na limfunike mpaka kifuani tu, huku likikunjwa chini ya godoro asiweze kulivuta.
4. Joto likizidi nalo ni ugonjwa. Mchana wa jua kali, shingo ikiwa na jasho, vua kofia. Mtoto akiwa mkubwa na mzima, kofia ni ya nje na ya baridi, si ya usingizi wa mchana.
5. Osha kofia mpya kwa sabuni kabla ya kuivalisha, ianike juani.
6. Usishike uzi wala mtoto na nguo za kazi. Vumbi la mwamba linaloshika nguo zako huharibu mapafu, na wale wanaotumia zebaki katika dhahabu hubeba sumu mpaka nyumbani. Vua nguo, oga, ndipo ushike mtoto.

Na wewe unayefuma, jitunze. Kaa mgongo ukiwa umeegemea, mwanga ukitoka nyuma ya bega lako. Kila nusu saa weka sindano chini, nyosha vidole, tazama mbali. Mwenye kazi ya mashine ya kutoboa mwamba, ukiona vidole vinakufa ganzi au vinageuka vyeupe, usiseme ni uchovu wa kroshe. Njoo dispanseri utazamwe. Mtetemo wa mashine unaweza kuwa umeumiza mishipa yako.

Ukikuta watu na mbabula

Ikitokea umeingia nyumbani ukute watu wamelegea na makaa yanawaka, fanya kama unavyofundishwa kwa gesi ya mgodini. Usikae ndani ukitafuta sababu. Fungua mlango na madirisha, watoe watu kwenye hewa safi, itoe mbabula. Mtoto awekwe kifuani mwa mtu mwenye afya na afunikwe, asije akatoka katika hatari moja na kuingia katika baridi. Asiyepumua asaidiwe kupumua. Halafu wote waende hospitali, hata yule anayesema amepona, maana gesi hukaa katika damu na dawa yake ni oksijeni. Watu wa Katana wana hospitali ya FOMULAC karibu. Usione haya kubisha usiku.

Nyanya yule niliyemtaja juu, nilimkuta tena baada ya miezi. Alikuwa ameketi nje, mgongo ukutani, sindano mkononi na kofia nne katika kikapu kando yake. Mbabula ilikuwa uani na sufuria ya maharagwe juu yake, mahali inapotakiwa kuwa. Nilimuuliza kofia nne ni za nani, kwa maana mjukuu ni mmoja. Akasema: «Jirani watatu wana mimba. Sitaki uamshwe tena usiku kwa ajili ya mtaa huu.»

Ndugu mfanyakazi, mwezi huu ukipata mshahara, nunua fungu moja la lene na sindano moja. Mpe mke wako, au mama yako, au anza wewe mwenyewe. Mtoto anayekuja mtaani mwenu akute kofia imekwisha kufumwa, na mbabula ibaki nje.

Usalama kwanza, kazini na nyumbani!